"Frateri, Yule Mzanzibari Aliua Kweli?"



Jiji letu la Mwanza huitwa Rock City kwa sababu ya miamba yake, wala si kwa sababu ya muziki wa roki. Vijana wa huku ni wa Bongo Fleva, singeli na kwaya. Ndiyo maana tulishangaa likizo iliyopita, katika kigango kimoja upande wa Igombe, kijana wa mwaloni alipotusimamisha baada ya Ibada ya Jumapili. Usiku wake walikuwa wametazama kwenye banda umiza filamu ya Bohemian Rhapsody, ile ya mwaka 2018. Akauliza: "Frateri, yule Mzanzibari aliua mtu kweli?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Tuliona swali lake linastahili jibu la kutosha.

Mzanzibari mwenyewe

Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Alisoma shule ya bweni India, akarudi Zanzibar, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Huko mwaka 1970 aliunda bendi ya Queen pamoja na Brian May na Roger Taylor. John Deacon alijiunga mwaka uliofuata.

Singo "ndefu mno"

Bohemian Rhapsody ilitoka tarehe 31 Oktoba 1975. Singo ya siku hizo ilikuwa santuri ndogo, wimbo mmoja kila upande, na redio zilizoea nyimbo za dakika 3 hivi. Huu ulikuwa na dakika 5 na sekunde 55, tena hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti tupu kama kwaya, kinafuata kinanda, unageuka opera, unalipuka kuwa roki nzito, kisha unazimika taratibu.

Wanakwaya wetu wanaorekodi kwa kompyuta watafakari jambo hili: kwaya kubwa inayosikika katikati ya wimbo ni watu 3 tu, Mercury, May na Taylor, waliorekodi sauti juu ya sauti kwenye utepe, siku baada ya siku.

Wakubwa wa kampuni walihofu kwamba redio hazitaupiga. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London alipewa nakala, akaupiga tena na tena, na watu wakaanza kuuulizia madukani kabla haujatoka. Ulikaa namba 1 Uingereza kwa wiki 9. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Wimbo ulitolewa upya, ukarudi namba 1, na mapato yakaenda kwa shirika la kuwahudumia wenye ugonjwa huo.

Je, aliua?

Hapana. Anayesema ndani ya wimbo ni mhusika, kama katika tamthilia. Mercury mwenyewe hakuwahi kufafanua maana yake, nasi hatutamsemea. Tunaweza tu kutazama kinachotendeka. Kijana anamwendea mama yake na kukiri kwamba ameua. Kisha inakuja kama mahakama: sauti zinamgombania, hawa wakitaka aachiliwe, wale wakikataa, na katikati linasikika neno Bismillah, ambalo kila mtoto wa Unguja analijua. Hatujui hukumu. Mwisho ni wa mtu aliyechoka, asiyejali tena.

Tumezoea kufundisha kwamba mkosaji anahitaji kujuta na kuungama. Wimbo huu unatulazimisha kuuliza: je, hayo yanatosha? Tumwangalie Yuda katika Injili ya Mathayo. Alijuta. Alikiri mbele ya makuhani wakuu kwamba ametenda dhambi. Hata fedha alirudisha. Lakini waliomsikiliza walimjibu kwamba hayo hayawahusu. Petro naye alilia kwa uchungu, ila yeye alibaki karibu hadi Bwana alipomkuta tena ufuoni na kumwuliza kama anampenda. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba kukata tamaa ni dhambi dhidi ya tumaini. Ni kweli. Hata hivyo, mara nyingi tumaini la mtu hufa mbele ya msikilizaji asiyejali.

Hilo linatugusa sisi mafrateri kwanza. Tunasoma mantiki na metafizikia, lakini siku moja, Mungu akipenda, tutakaa kwenye kiti cha maungamo. Atakayekuja hatakuja na hoja. Atakuja na jambo lililomlemea, na pengine ataanza kwa kuzunguka, akiuliza habari za mtu mwingine.

Tulimweleza yule kijana haya yote kwa ufupi, tukiwa tumesimama kando ya chanja za dagaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza Padre anakuja lini kigangoni.

Tukamwambia ni Jumapili ya pili ya mwezi. Hatukumwuliza kwa nini.