Ukaguzi wa Mfuatano wa Makufuli katika Programu za Kawaida: Mfano wa Biashara ya Samaki Nchelenge

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi hupigwa marufuku katika Ziwa Mweru upande wa Zambia. Mwezi Machi, wavuvi wa Nchelenge na Kashikishi hurejea ziwani, na biashara ya samaki huchangamka upya. Makala hii inatumia mazingira hayo kufafanua kosa la programu linaloweza kujificha wakati shughuli ni chache na kujitokeza wakati wa msongamano.

Ichukuliwe kwamba programu ya malipo ina makufuli mawili: la salio na la daftari la shehena. Uzi wa utekelezaji unaopokea malipo hufunga salio, kisha daftari. Uzi unaobatilisha mauzo hufunga daftari, kisha salio. Nyuzi hizo zikikutana, kila mmoja hushika kile mwenzake anachokisubiri. Huo ndiyo mkwamo: programu haivunjiki wala haitoi taarifa ya kosa, bali hunyamaza, huku samaki wakiharibika gatini.

Kiini cha Linux, yaani sehemu ya mfumo endeshi inayosimamia maunzi na kumbukumbu, kilipata dawa ya tatizo hili mwaka 2006, pale kikaguzi cha lockdep kilichoandikwa na Ingo Molnár kilipoingizwa katika toleo la 2.6.18. Kikaguzi hicho hakisubiri mkwamo utokee. Hurekodi ni kufuli la aina gani lililochukuliwa huku la aina nyingine likiwa limeshikwa. Kumbukumbu hizo zikiunda mzunguko, onyo hutolewa. Kwa hiyo malipo moja asubuhi na ubatilishaji mmoja jioni hutosha kufichua kosa la Machi.

Mwaka 2014, maktaba ya liblockdep, kazi ya Sasha Levin, ilipeleka msimbo huohuo kwa programu za kawaida. Huduma za kiini ambazo programu hizo hazina ziliwekewa vibadala, na ukaguzi wa ukatizaji wa maunzi ukakosa kazi. Maktaba iliweza kupakiwa mbele ya programu na kudaka miito yake ya makufuli ya pthread, bila msimbo wa programu kubadilishwa.

Hata hivyo, vibadala hivyo vilihitaji kufuata mabadiliko ya kiini bila kukoma, na mwaka 2021 liblockdep iliondolewa katika msimbo wa Linux. Kanuni yake haikupotea: Helgrind na ThreadSanitizer nazo hukagua mfuatano wa makufuli. Zote zina mpaka mmoja, kwamba huona njia zilizopitiwa tu. Ubatilishaji usipojaribiwa, kosa lake halionekani.

Mafunzo kwa watunga sera ni mawili. Kwanza, mikataba ya mifumo ya umma idai ripoti ya mfuatano wa makufuli kabla mfumo haujapelekwa wilayani, na majaribio yaguse kila aina ya muamala, hata ile adimu. Pili, bajeti itenge fungu la kukitunza kikaguzi chenyewe, kwani chombo kisicho na mtunzaji huachwa. Kwa wilaya iliyo mbali na Lusaka kama Nchelenge, kosa lililonaswa mapema ni nafuu kuliko safari ya fundi wakati mitumbwi imekwisha kutia nanga.