Kwa Miguu Hadi Tunduma, Isipokuwa Mikumi

Anayetaka kutembea kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma kuchangia wodi ya watoto au madawati ya shule, mara nyingi huanza kwa kununua raba. Angeanza na ramani, kalamu yake ingekwama Mikumi.

Hapo barabara kuu inakata hifadhi kwa takriban kilomita 50. Abiria wa basi huona twiga dirishani akafurahi; mtembea kwa miguu yuko huko huko nje, pamoja na simba na tembo. Mabango yanataja faini ya kila mnyama atakayegongwa na gari. Ya mtu atakayeliwa hayapo. Kipande hicho hupandwa gari, na wachangiaji waambiwe kabla shilingi ya kwanza haijaingia. Ukiahidi kila hatua halafu ukaonekana pichani umekaa ndani ya pikapu, utakuwa na mengi ya kueleza.

Safari nzima ni zaidi ya kilomita 900. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alipotembea kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, zaidi ya kilomita 200, alitumia kama siku nane. Ni chini ya kilomita 30 kwa siku, na yeye alikuwa Rais. Mtu wa ofisini anayepanga 40 anajidanganya. Siku ya tatu malengelenge yatampangia ratiba upya. Weka 25, pumzika siku moja kila wiki, utahitaji karibu wiki sita.

Masika ipite kwanza. Juni na Julai njia ni kavu, ila baridi ya Mafinga na Makambako si ya mchezo. Kabla ya huko kuna joto la Ruaha Mbuyuni, kwenye mibuyu na vitunguu, kisha Kitonga: kona kali, mwamba huku, korongo kule, na malori ya Zambia na Kongo yanayopanda kwa kujikokota. Kitonga ipandwe asubuhi, kwa vizibao vinavyong'aa, na askari wa usalama barabarani wakiwa na habari.

Kulala nako kuna hesabu yake. Chalinze, Morogoro, Iringa, gesti zipo. Lakini kilomita ya 25 haichagui mji. Mara nyingi itakukuta porini. Basi pikapu inayokufuata inakupeleka mjini, kesho inakurudisha pale pale ulipoishia. Pale pale, si mbele kidogo. Mimi ningepiga picha nguzo ya kilomita jioni na asubuhi.

Pikapu hiyo, dereva wake na maji yake, ndiyo gharama kubwa. Wazee wa kamati watakuuliza mapema: mafuta ya wiki sita yanatoka mfukoni mwa nani? Jibu lisiwe madawati.