Hodi Isiyoitikiwa

Kijana mwenye kisukari aina ya kwanza akifikia balehe, dozi yake ya insulini hupanda mpaka wazazi wakashtuka. Nyumbani maswali huanza: Umekula nini kwa siri? Umeruka sindano? Mara nyingi hajafanya lolote kati ya hayo. Homoni za ukuaji zimezidi mwilini, na misuli yake imeanza kuwa mizito kuisikia insulini.

Wengi tumezoea kwamba aina ya kwanza ni kukosa insulini, na usugu wa insulini ni mambo ya aina ya pili. Mgawanyo huo una historia: mwaka 1936, daktari Mwingereza Harold Himsworth alionyesha kuwa kuna wagonjwa ambao insulini huwafanyia kazi upesi, na wengine ambao kwao haifui dafu. Lakini mwaka 1982 Ralph DeFronzo na wenzake nchini Marekani waliwapima watu wa aina ya kwanza kwa kuwatiririshia insulini na glukosi mishipani kwa wakati mmoja, huku wakilinda kiwango cha sukari kisitikisike. Glukosi inayohitajika kukilinda kiwango hicho ndiyo hueleza mwili unavyoitikia insulini. Wenye kisukari walihitaji kidogo kuliko watu wenye afya. Katika kipimo cha namna hii sehemu kubwa ya glukosi hupokewa na misuli, kwa hiyo ubutu wa misuli haufichiki.

Kwa nini iwe hivyo? Sababu moja ni njia ya sindano yenyewe. Kongosho zima humwaga insulini kwenye mshipa unaoelekea moja kwa moja kwenye ini, na ini hubakiza karibu nusu kabla ya iliyosalia kuifikia misuli. Insulini ya sindano huingia chini ya ngozi, ikasambaa mwili mzima, na ini likapata mgawo uleule wa wengine. Ili ini litosheke, misuli hufurikishwa. Mtu anayepigiwa hodi usiku na mchana mwishowe haitikii tena. Sukari ikikaa juu muda mrefu, nayo huongeza uzito huo wa misuli kuisikia insulini. Kwa hiyo mimi neno “usugu” naona linaionea misuli kidogo.

Ndani ya misuli hadithi inaendelea. Unapopanda ngazi mbiombio, sekunde za mwanzo huendeshwa na akiba ya nishati iitwayo fosfokreatini, kisha mitokondria, vinu vya nishati vya seli, huijaza upya. Baadhi ya tafiti zilizotumia mashine za sumaku zimeona akiba hiyo ikirudi polepole kwa watu wa aina ya kwanza. Miguu kuchoka mapema, basi, si lazima uwe uvivu.

Hata hivyo misuli ina mlango mwingine. Inapokunjuka na kujikunja, vibebeo vya glukosi viitwavyo GLUT4 husogea hadi kwenye utando wa seli bila kungoja insulini. Ndiyo maana mazoezi huifanya dozi ileile ifanye kazi zaidi, wakati mwingine hadi siku ya pili yake, misuli ikijirudishia akiba iliyotumika. Basi ukicheza mpira jioni, pima sukari kabla ya kuingia uwanjani, na upime tena kabla ya kulala: sukari inaweza kushuka usiku wa manane, ukiwa usingizini.