Nyumba Zetu (5): Jiwe lile lile chini ya miguu

Kila taarifa za ukarabati wa Beit al-Ajaib zinaposomwa redioni, watu huulizana habari za mnara wa saa na nguzo za barazani. Mimi humsubiri atakayeuliza habari za sakafu, na mpaka leo sijampata. Jengo lile la Seyyid Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, na roho za watu zikapotea. Safari hii gazeti lililobeba taarifa hizo lilikuwa pia na tangazo la robo ukurasa: sakafu ya nyumba nzima kwa siku moja, mbao za vinaili zinazopachikana zenyewe, bila gundi wala saruji. Wasomaji kadhaa wameniuliza kama zinafaa huku Pwani. Nitawajibu, lakini waniruhusu nipite njia yangu.

Habari za tanuu na za kuzimua chokaa tulizimaliza katika makala ya pili, sizirudii. Tuanzie pale boriti zinapokuwa zimekwisha kulazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu yake mwashi alipanga vipande bapa vya matumbawe, kisha likamwagwa zege la chokaa, mchanga na kokoto za matumbawe, unene wa shubiri na kuzidi. Hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Wapigaji walijipanga safu kwa safu wakiwa na vipande vya mti, wakaipiga sakafu kwa siku kadhaa mfululizo, huku wakiinyunyizia maji. Wasafiri wa karne ya 19 waliofika Unguja waliandika juu ya kelele hizo na nyimbo zilizozipa mwendo. Wengi wa wapigaji walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume, na anayeisifu sakafu ile bila kuwataja amesifu nusu tu.

Kulikuwa na sababu ya kupiga vile. Chokaa haigandi kwa pupa kama saruji. Hukauka taratibu huku ikivuta hewa ya ukaa, mpaka irudi kuwa jiwe la namna ile ile lililotiwa tanuuni. Inapokauka husinyaa, na ikisinyaa hupasuka. Mapigo yalilikamua zege maji yaliyozidi, yakaziba nyufa zingali changa, yakapandisha juu urojo laini ambao mwashi aliusugua ukang'aa. Ukienda Gede, au Husuni Kubwa kule Kilwa, kasri linalonasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331, utaona mabaki ya lipu na sakafu za chokaa zilizoonja mvua za karne nyingi bila paa. Nani kati yetu ataidhamini sakafu aliyoiweka mwaka jana kwa muda huo?

Boriti nazo zina lao. Mti wa mkoko ulionyooka na kuweza kubeba mzigo wa sakafu hauvuki mbali, ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe Lamu na Unguja ni vyembamba, aghalabu mita 2.5 hadi 3, hata mwenye nyumba akiwa tajiri wa kupindukia. Alichoweza ni kurefusha chumba. Upana alipangiwa na mti. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kutoka Rufiji na Lamu, zikapelekwa Oman na nchi za Ghuba kwa upepo wa kusi, na huko nako zikaamua upana wa vyumba vya watu ambao mikoko hawajaiona.

Kisha saruji ikatukuta. Kiwanda cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954, cha Wazo mwaka 1966, na katika muda wa kizazi kimoja kila nyumba ikawa na jamvi la zege, niru juu yake, na kwa wenye uwezo rangi nyekundu iliyosuguliwa kwa nta hadi mtoto akateleza. Sina ugomvi na jamvi. Ugomvi wangu ni na wanaomwaga saruji juu ya sakafu kongwe ya chokaa kwa jina la ukarabati. Chokaa hupumua: unyevu huingia na kutoka. Ukiifunika kwa saruji, maji yanabaki ndani, yanatafuta boriti, na boriti inaoza mahali asipoona mtu. Wakati huo huo mzigo umeongezwa. Na sakafu inapoanguka, lawama hupewa wazee waliojenga! Mafundi wanaoijua kazi ya chokaa wamebaki wachache. Wana mikono lakini hawana wanafunzi, kwa kuwa kijana aliyeona saruji ikikauka usiku mmoja haoni sababu ya kungoja.

Sasa vinaili. Hapa nilipata mshangao ambao sikuutegemea. Zile mbao ngumu zinazosifiwa sana siku hizi, ukiukata ubao mmoja na kuutazama ubavu, sehemu yake kubwa ni unga wa jiwe la chokaa uliogandishwa kwa plastiki ya PVC. Ni jamaa wa matumbawe yetu, ila huyu amesagwa bila kuchomwa. Juu yake kuna karatasi nyembamba yenye picha ya mbao, na juu ya picha kuna utando wa kukinga mikwaruzo. Muulize muuzaji unene wa utando huo kabla hajakuambia unene wa ubao. Milimita 0.3 inatosha nyumbani. Penye watoto wengi, mbwa na mchanga wa ufukweni, tafuta 0.5.

Vifungo vya ubavuni vililetwa sokoni miaka ya 1990 na kampuni ya Välinge ya Uswidi na Unilin ya Ubelgiji, kwanza kwa mbao za laminati, na wakashitakiana sana kwa ajili ya hataza. Vifungo hivyo ni vyembamba, na vikivunjika havishoneki. Huvunjwa na bonde lililoko chini: kila ukikanyaga ubao unazama kidogo, mpaka siku moja ulimi wake unakatika. Kwa hiyo laza juu ya jamvi ubao ulionyooka wa mita 2. Watengenezaji wengi hawakubali nafasi inayozidi milimita 3 chini yake. Panapozidi pajazwe, panapofura pasagwe. Mwenye nyumba aliyelipia maboksi bila kunung'unika, akakataa kulipia kazi hii, amejinunulia kelele.

Halafu unyevu. Gundisha kipande cha nailoni juu ya jamvi, ukizibe pande zote, ukiache siku nzima au zaidi. Ukikuta matone chini yake, usianze. Jamvi jipya la sentimita 10 laweza kutaka miezi minne na zaidi kukauka, na jamvi lililomwagwa bila nailoni chini yake, kwa mchanga wa baharini, huenda lisikauke maisha. Tangazo linasema mbao haziingii maji, na ni kweli. Maji yanayopanda kutoka chini hayakutajwa.

Nafasi inaniishia, niseme yaliyobaki kwa haraka. Nunua asilimia 10 zaidi ya eneo ulilopima. Maboksi yalazwe ndani ya nyumba siku mbili yazoee joto, na uchanganye mbao za maboksi tofauti. Pima upana wa chumba kabla ya kupachika ubao wa kwanza, ili safu ya mwisho isije ikawa utepe wa vidole viwili. Ikilazimu, kata safu ya kwanza. Maungio ya safu jirani yapishane sentimita 20 hadi 30. Acha milimita 6 hadi 10 kuzunguka kuta zote na nguzo, skating itaziba, kwani mbao hizi hutanuka kwa joto. Katika chumba cha upana wa boriti utanukaji huo ni mdogo. Katika sebule za kisasa zilizounganishwa na jiko na korido, mita 12 mfululizo, soma maelezo ya mtengenezaji ujue wapi unatakiwa kukata na kuweka kiungo, kwa kawaida mlangoni. Kabati za jiko zifungwe kwanza, sakafu iishie miguuni pake, isibanwe chini yake. Miimo ya milango ikatwe chini, ubao uingie, isipokuwa mwimo wa mlango wa nakshi: fundi akiukaribia huo na msumeno wake, mnyang'anye msumeno. Na dirisha kubwa la magharibi litiwe pazia, maana jua la saa kumi huinua ubao uliokosa nafasi ukutani.

Juma lijalo: ngazi na bafu, ambako mbao hizi zina masharti mengine.