Je, Wajua? Tangi la samaki kwa mtu asiyependa kazi

Je, wajua kwamba tangi la kioo la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lile ambalo muuzaji huliita dogo, linajaa lita 54? Kila lita ya maji ni kilo 1. Ukijumlisha kioo, udongo na mchanga, meza yako ya kona itakuwa imebeba kama kilo 70, sawa na mtu mzima aliyeketi hapo usiku na mchana bila kuinuka. Tafuta meza kwanza, ndipo uende kwa fundi wa vioo.

Je, wajua kwamba bakuli la lita 5 ndilo lenye kutesa? Wanaoanza hulichagua kwa kuogopa kazi. Kwenye maji machache, chakula kilichobaki huoza na kuchafua yote kabla hujarudi kutoka kazini, na joto hupanda na kushuka kwa haraka. Lita 50 husamehe makosa ambayo lita 5 haziwezi kuyavumilia.

Wala kufuga samaki pamoja na mimea bila kazi nyingi si jambo geni. Mwaka 1850, mwanakemia Robert Warington wa London aliwaeleza wenzake jaribio lake: chombo cha maji, samaki wa dhahabu wawili, na mmea wa majini uitwao valisineria. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kisha majani yaliyozeeka yakaanza kuoza na maji yakachafuka. Akatia konokono. Konokono wakala uozo, mmea ukanawiri, samaki wakaendelea kuishi. Hakuwa na umeme, pampu wala chujio. Karibu yote anayohitaji kujua mtu anayeanza leo yamo humo: mimea mingi, samaki wachache, na mwenye nyumba asiyeingiza mkono kila saa.

Je, wajua kwamba samaki hutoa sehemu kubwa ya taka yake kupitia matamvua, yaani akiwa anapumua tu? Taka hiyo ni amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu, halafu nitriti ikageuzwa kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi na mimea huitumia kama mbolea. Kwa zaidi ya miaka 100 wanasayansi waliamini kwamba kazi hii lazima igawanywe kwa makundi mawili ya bakteria. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kuwapata bakteria wa jamii ya Nitrospira wanaomaliza hatua zote mbili peke yao, na mojawapo ya mahali walipopatikana ni kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki.

Bakteria hao huongezeka polepole. Tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla hawajatosha. Maji kuwa maangavu hakuthibitishi chochote, kwa sababu amonia haina rangi. Ndiyo maana samaki walionunuliwa Jumamosi pamoja na tangi huelea tumbo juu kufikia Alhamisi, na muuzaji akalaumiwa bure. (Mara nyingine si bure. Anayekuuzia tangi na samaki kumi kwa siku moja anajua anachokifanya.)

Je, wajua kwamba mimea ikiwa mingi tangu siku ya kwanza, kipindi hicho cha hatari hupungua makali? Mimea mingi ya majini hupendelea kunyonya nitrojeni ikiwa bado amoniamu, yaani umbo jingine la amonia hiyo, kuliko ikishakuwa nitrati. Inaichukua taka mapema, kabla ya bakteria kuifikia. Diana Walstad, Mmarekani, alilieleza hilo katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya matangi yenye mimea, na akawashawishi wafugaji wengi kuacha changarawe tupu na kutumia udongo wa kawaida.

Kipimo cha njia hiyo ni rahisi: kama sentimita 2.5 za udongo chini, na kiasi hicho hicho cha mchanga au changarawe ndogo juu yake. Udongo usiwe umetiwa samadi wala mbolea ya dukani. Uchekeche, toa mizizi na vijiti. Ukitaka kujaza maji, weka sahani juu ya mchanga na umimine taratibu juu ya sahani hiyo, la sivyo yote yatakuwa tope na utasubiri siku kadhaa kuona upande wa pili. Usizidishe unene kwa kudhani unaongeza rutuba. Udongo mnene hukosa oksijeni ndani, na ukiuchokoza hutoa gesi yenye harufu ya yai viza.

Mchanga mweupe wa ufukweni uache huko huko. Mbali na chumvi, umejaa vipande vya makombe na matumbawe, na chokaa yake huyeyuka kidogo kidogo na kuyafanya maji kuwa magumu. Tumia mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yatoke safi. Ukiwa na shaka, udondoshee siki: ukitoa mapovu, una chokaa.

Je, wajua kwamba klorini ya maji ya bomba huondoka yenyewe ukiyaacha kwenye ndoo wazi kwa siku moja, lakini kloramini haiondoki kwa njia hiyo? Uliza mamlaka yako ya maji inatumia ipi. Kama ni kloramini, itakubidi ununue dawa ya kuiondoa. Maji ya mvua hayana hata moja kati ya hizo, ila hayana madini pia, kwa hiyo ni bora kuyachanganya na ya kisima.

Hita? Dar es Salaam, Mombasa, Unguja: hifadhi pesa yako. Nairobi, Arusha au Mbeya mwezi wa Julai, ni habari nyingine. Shida ya pwani iko upande wa pili. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni kwa kila lita, ilhali ya nyuzi 30 hushika kama 7.5 tu. Kwa hiyo idadi ya samaki wanaopumua vizuri kwenye tangi la Nairobi inaweza kuwa nyingi mno kwa tangi lile lile likiwa Mombasa.

Je, wajua kwamba kuna mmea usio na mizizi hata kidogo? Jina lake la kisayansi ni Ceratophyllum demersum, una majani membamba yaliyolizunguka shina, na hupatikana katika maziwa yetu, likiwemo Ziwa Victoria. Huna haja ya kuupanda. Utupe majini uelee. Hukua kwa kasi, na kila unapokua unanyonya taka. Kwa anayeanza, sioni mmea unaoushinda.

Anubiasi nayo ni ya Afrika ya magharibi na kati, hadi Kongo. Hukua taratibu sana, hustahimili kivuli, na majani yake ni magumu kiasi kwamba hata samaki wanaotafuna mimea wengi huyaacha. Ina sharti moja tu: shina lake nene linalolala lisifukiwe. Lifunge kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha mti. Ukilizika mchangani linaoza, na hapo ndipo watu husema anubiasi ni mmea mgumu kutunza.

Na valisineria ile ya Warington? Ua lake la kike hupanda hadi juu ya maji kwa kikonyo kirefu kilichojisokota. Maua ya kiume hukatika chini, yakaelea, na kulifuata huko juu. Likishachavushwa, kikonyo hujikunja na kulivuta chini tena.

Je, wajua kwamba mimea hufaidika na usingizi wa mchana? Taa ikiwaka mfululizo, mimea humaliza kabonidioksaidi iliyomo majini. Walstad alipendekeza kuizima kwa saa chache katikati ya mchana ili gesi hiyo, inayotoka hasa kwenye udongo unaooza, ijikusanye upya. Swichi yenye saa hufanya kazi hiyo bila wewe kuwepo. Kama hutaki hesabu za mapumziko, saa 6 hadi 8 za mwanga kwa siku zinatosha kuanzia. Usiliweke tangi dirishani penye jua kali, utafuga mwani.

Vipovu vinavyopanda kutoka kwenye majani wakati wa mchana ni oksijeni, maji yakiwa yameshiba na hayawezi kuyeyusha zaidi. Usiku mambo hugeuka: mimea nayo huvuta oksijeni ile ile wanayoitaka samaki. Umeme ukikatika adhuhuri, tangi lenye mimea halihangaiki. Ukikatika usiku na samaki wamejazana, utawakuta alfajiri wakihema juu ya maji. Na chujio lililozimika kwa saa nyingi lisuuze kabla ya kuliwasha, kwa maana bakteria waliomo hufa kwa kukosa hewa na uchafu wao utaingia tangini.

Sasa samaki, ambao wengi huanza nao na ndio wangepaswa kuwa wa mwisho.

Gapi jike mmoja anaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa na kuzaa takriban kila mwezi bila kumwona dume tena. Nunua madume watupu. Ndio wenye rangi hata hivyo. Beta wa Thailand hupumua hewa ya juu ya maji kwa kiungo maalumu kichwani, kwa hiyo joto la pwani halimtishi. Weka dume mmoja tu. Samaki wa dhahabu anaweza kufika sentimita 20 na zaidi, na hufukua mimea. Mwache kwa mwenye bwawa.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina samaki wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono? Neolamprologus multifasciatus hawafiki sentimita 5, huishi kwa makundi, na kila mmoja hulinda kombe lake kwa ukali usiolingana na kimo chake. Samaki wa mapambo wa ziwa hilo walijulikana Ulaya kwa sehemu kubwa kupitia Mbelgiji Pierre Brichard, aliyekuwa akiwasafirisha kutoka Burundi miaka ya 1970. Valisineria humea ziwani humo, hivyo inawafaa. Ila kuna tahadhari: maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa kali. Kwenye pH 7, nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 9 ni zaidi ya theluthi moja. Wape hawa tangi lililokomaa.

Unguja ina samaki wake pia, Nothobranchius guentheri, anayeishi kwenye vidimbwi vinavyokauka. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai hubaki kwenye tope yakisubiri mvua. Ni mrembo kupindukia, lakini umri wake mfupi haumfanyi awe chaguo la mtu mvivu.

Je, wajua kwamba mmea uliochumwa mtoni unaweza kukuletea kichocho nyumbani? Vimelea hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ndani ya maji. Vikiwa peke yao majini havidumu zaidi ya siku mbili hivi. Hatari ni konokono mkubwa aliyekwisha kuambukizwa, anayeendelea kuvitoa. Lakini maambukizi hayapiti kwenye mayai yake. Konokono walioanguliwa ndani ya tangi lako ni safi, na ni vibarua wazuri. Kwa hiyo pata mimea kwa mtu anayeiotesha tangini, na usiingie kinamasi pekupeku kuitafuta.

Baada ya hapo kazi hubaki ndogo. Badilisha robo ya maji kila wiki mbili mwanzoni, baadaye mara moja kwa mwezi, na hayo machafu mwagilia mchicha, yana nitrati. Sponji ya chujio ikamulie kwenye ndoo ya maji ya tangi, kamwe si bombani, klorini itaua bakteria uliowasubiri wiki zote hizo. Lisha kidogo, mara moja kwa siku. Ukisafiri wikiendi, usimwachie jirani kopo zima la chakula.

Je, wajua magugu maji ya Ziwa Victoria yalikotoka? Amerika ya Kusini, na yalienezwa duniani kama pambo kwa sababu ya ua lake la zambarau. Ziwani yalianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Salvinia, jani dogo linaloelea ambalo pia hupendwa kwenye matangi, lilivamia Ziwa Naivasha miaka ya 1960. Kwa hiyo mimea ya tangini ikizidi usiitupe mtoni wala mtaroni. Ianike juani mpaka ikauke kabisa, kisha iingie kwenye shimo la mboji.