Je, Wajua? Gegedu la Goti Halina Mshipa wa Damu

Je, wajua kwamba gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina hata mshipa mmoja wa damu? Chakula chake hutoka kwenye ute wa maungio, unaosukumwa humo kila tunapotembea. Ndiyo maana kidonda cha ngozi hufunga upesi, ilhali gegedu likishalika ni vigumu kurudi.

Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walieleza jinsi walivyochukua seli za gegedu la mgonjwa mwenyewe, wakazikuza maabarani, kisha wakazipandikiza palipochimbika. Njia hiyo huwafaa wenye tundu katika sehemu moja tu ya gegedu, katika goti ambalo vinginevyo bado ni zima.

Siku hizi kinachotangazwa zaidi ni sindano ya chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zinazochujwa kutoka katika damu ya mgonjwa. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2021 ulihusisha watu 288 wenye magoti yaliyolika. Baada ya miezi 12, waliodungwa chembe sahani hawakuwa wamepata nafuu ya maana, wala gegedu lao halikuwa na hali bora, kuliko waliodungwa maji ya chumvi. Mgonjwa anayeuza mbuzi ili alipie sindano hiyo ana haki ya kuambiwa hili kwanza.

Kupungua mwili, je? Kwa mnene mwenye goti bovu, kila kilo 1 inayotoka hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.