Kiki tano juu ya moja, na bado biti haigongi

Fungua folda yako ya ngoma sasa hivi uhesabu kiki zilizomo. Kama wewe ni prodyusa wa kawaida wa mtaa, mwenye laptopu ya mtumba na FL Studio, pengine zinapita elfu mbili. Zingine ulipewa na beshte kwa flashi, zingine ulizitoa Telegram, zingine zilikuja na paki ya bure ambayo hata hukumbuki uliipakua lini. Sasa niambie ukweli: unatumia ngapi? Nne? Sita?

Na hata hizo sita hazikutoshelezi. Kwa hivyo unafanya kile kila mtu anafanya. Unaweka kiki moja juu ya nyingine, unaongeza ya tatu, unapandisha sauti mpaka taa nyekundu inawaka. Unamtumia msanii kwa WhatsApp, anasikiza kwa simu, anakujibu kwa mstari mmoja: mbona biti ni nyepesi hivi? Hiyo kazi umeikosa. Msanii hakuja studio kwako kusikia vile spika zako zinagonga. Amesikiza kwa simu akiwa kwa foleni ya kinyozi, akaamua, na sasa anatafuta namba ya prodyusa mwingine.

(Watanzania wakisikia neno kiki wanawaza skendo za mastaa. Mimi nazungumzia ile ngoma nzito ya chini inayopiga "du" kwenye biti. Tuko pamoja?)

Sikiza kiki moja nzuri kwa makini, utagundua ni kama sauti tatu zilizoshikana. Mwanzo kuna kidoko, ule mguso mkali kama kucha ikigonga meza. Huo unakaa kati ya Hz 2,000 na 5,000. Katikati kuna mwili, karibu na Hz 100 hadi 200. Chini kabisa kuna uzito, Hz 40 hadi 60, ambao huusikii sana kwa masikio ila unauhisi kifuani ukiwa kiti cha nyuma kwa matatu ya Rongai. Ukichukua kiki tatu zilizokamilika na kuzibandika pamoja, unapata vidoko vitatu, miili mitatu na uzito mara tatu, vyote vikipigania nafasi moja. Ni kama kuweka makanga watatu kwa mlango mmoja. Wote wanapiga kelele na abiria hajui nauli ampe nani.

Kwa hivyo kabla hujaongeza tabaka lolote, jiulize: hili limekuja kufanya kazi gani ambayo hakuna mwingine anaifanya? Kama kiki yako ina uzito mtamu lakini haina kidoko, tafuta sauti ya kidoko peke yake. Si lazima iwe kiki. Inaweza kuwa kijiti, kifuniko cha chupa, au mlango wa kabati. Chukua ekwalaiza, ondoa kila kitu chini ya Hz 1,000 kwenye hiyo sauti, kisha uilaze juu ya kiki yako. Uzito uachie ngoma moja tu. Hapo sibishani na mtu: chini ya Hz 100, mfalme ni mmoja.

Watu wa Isukha na Idakho kule Kakamega walilipanga hili bila laptopu. Isukuti hupigwa kwa seti ya ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Si tatu kubwa. Juu yake kuna pembe ya swara na njuga za chuma. Ukisikiza, kila kitu kina chumba chake, hakuna anayemkalia mwenzake. UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, na mimi naona prodyusa yeyote wa Nairobi angefaa kukaa nayo saa moja kabla ya kununua plagini nyingine ya kompresa.

Turudi kwa folda. Kuchagua ndiyo kazi kubwa, kupanga matabaka ni kazi ndogo inayofuata, na wengi wetu tunaifanya kinyume. Kitu cha kwanza: usichague kiki ikiwa peke yake. Kiki inayotisha ikiwa peke yake inaweza kupotea kabisa besi na sauti ya msanii zikiingia. Weka lupu yako ichezeke yote, halafu badilisha kiki moja baada ya nyingine. Na uzisawazishe kwa sauti, kwa sababu sikio hudanganyika kirahisi: kile kilicho juu kidogo huonekana kizuri zaidi. Paki nyingi zinauza hivyo tu. Kiki imesukumwa mpaka juu, unaisikia, unasema "noma sana!", kumbe ni ile ile uliyo nayo.

Kisha angalia urefu. Biti ya tempo 100 ina pigo moja kila milisekunde 600. Kama kiki yako ni ya aina ya 808 na mkia wake unaburuta zaidi ya hapo, itakanyaga pigo linalofuata na kila kitu kitageuka uji. Ukate. Halafu noti. Kiki yenye mkia mrefu ni besi, haiwezi kuwa nje ya ufunguo wa wimbo. Wimbo ukiwa kwenye A, uzito wake unakaa vizuri Hz 55. Kwenye G ni Hz 49. Ukiona biti "inauma" na hujui ni wapi, mara nyingi ni hapo.

Sasa kuna kitu kinaitwa fezi, na hapa ndipo matabaka mengi hufia. Sauti ni wimbi, linapanda na kushuka. Ukiweka kiki mbili pamoja, moja ikipanda wakati nyingine inashuka, zinafutana. Ndiyo maana unaongeza kiki ya pili na biti inakuwa nyembamba badala ya nene. Jaribio ni rahisi: zima tabaka la pili, liwashe, lizime tena. Kama uzito unapungua likiwaka, kuza picha ya wimbi kwenye skrini uone vilele viko wapi. Sogeza moja kidogo, milisekunde moja au mbili, au bonyeza kile kitufe cha kupindua wimbi. Ikikataa kabisa, itupe. Uko na elfu mbili.

Sneya haina siasa nyingi. Mwili wake uko karibu na Hz 200, mpasuko uko juu. Ukiongeza makofi, yacheleweshe milisekunde 10 hivi na yatasikika kama ya watu wengi badala ya mashine. Kwa haihati, badilisha nguvu ya kila pigo, la sivyo zitasikika kama taipureta. Au achana nazo kabisa ujaribu kayamba. Zile mbegu ndani ya matete hazianguki mara mbili kwa njia moja, na hakuna paki itakupa hiyo.

Na ile simu ya msanii? Spika nyingi za simu hazitoi kitu cha maana chini ya Hz 200. Uzito wako wote wa Hz 50 haupo pale. Unachoweza kufanya ni kuipa kiki distoshoni kidogo. Sauti ya Hz 50 ikichafuliwa inazaa 100, 150, 200 na kwenda juu, na ubongo ukisikia hizo unajijazia ile ya chini. Kwa hivyo sikiza kwa simu kabla hujatuma. Ukipata kanga rafiki akupigie kwa matatu ikiwa stejini, hata bora, maana kule utasikia kinyume chake: uzito uliozidi.

Lakini hata ukifanya haya yote, kuna swali linabaki. Hiyo paki ya bure iko kwa laptopu ya kila mtu, kutoka Githurai hadi Lagos. Roland TR-808 yenyewe ilitengenezwa Japani kutoka 1980 hadi 1983, haikuuza sana, ikaishia madukani ya mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Marekani waliichukua kwa sababu ndiyo waliyoweza kumudu. Sasa wewe uko na simu inayorekodi vizuri kuliko vifaa vingi vya zamani, na jirani ambaye pengine anapiga ngoma kwa kikundi cha harusi.

Mtafute, ila usimfanyie kile alifanyiwa Gregory Coleman. Mwaka 1969 alipiga ngoma peke yake kwa sekunde kama 7 hivi kwenye "Amen, Brother" ya kundi la The Winstons. Kipande hicho kimekatwa na kubandikwa kwenye maelfu ya nyimbo, jungle na drum and bass zikajengwa juu yake, na Coleman akafariki 2006 bila kulipwa chochote kwa hayo yote. Mashabiki walichanga pesa 2015, zaidi ya pauni 20,000, wakampa kiongozi wa kundi, Richard Spencer. Mpigaji alikuwa ameshaenda.

Kwa hivyo mkubaliane bei kabla ya kurekodi, hata kama ni elfu moja na chai. Muandike kwenye karatasi: nani alipiga, lini, na kama wimbo ukilipa anapata asilimia ngapi. Piga picha hiyo karatasi, mtumie nakala. Kisha weka jina lake kwenye jina la faili lenyewe, kabla hujaikata hata kipande kimoja.